Kwa wateja mimi asali, kwa binti wa jikoni pilipili

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikifika katikati najikuta najitetea. Leo nitaandika kama ilivyo, hata kama nitaonekana mbaya.

Nina miaka 41. Nilikuja Unguja mwaka 2009 kutoka Ruvuma kumfuata mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini Malindi. Tunakaa Mpendae, na hapo hapo mtaani nina kibanda cha urojo, ile supu nzito ya embe na ndimu ya huku Unguja. Si biashara kubwa, lakini ndiyo inayosomesha watoto wetu watatu. Jumapili tunasali kanisa la Anglikana la Mkunazini. Naimba kwaya, na kwenye kikundi chetu cha akina mama pakitokea msiba najua nitatumwa mimi, maana wanasema nina maneno ya kupoza.

Wateja nao wananipenda. Mtu akirudisha bakuli akasema ndimu imezidi, namtilia jingine huku nacheka. Wazee wa barazani, ambao hawawaoni mara moja watu wa bara kuwa ni wenzao, siku hizi wananiita "mwanetu". Kuna mkubwa mmoja wa mtaa ana deni langu la shilingi 38,000 tangu kabla ya masika, na sijawahi kumkunjia uso hata siku moja.

Sasa nije kwenye ubaya wangu. Ninaye binti wa miaka 19 anayenisaidia. Ni mtoto wa marehemu dada yake mume wangu, tulimchukua miaka miwili iliyopita. Ananiita Mama. Anaamka saa 11 alfajiri kuwaandaa watoto wa shule, anafua, anamenya viazi na mihogo, anapika kachori, jioni tuko wote kibandani mpaka saa 6 usiku, halafu anaosha masufuria. Namlipa 60,000 kwa mwezi, ila akivunja bakuli nakata. Huyu binti, Shangazi, sijui ananifanyaje. Akichelewa kunipa kijiko tu, mdomo wangu unafunguka wenyewe. Nimemwita zoba, nimemwita mzigo, nimemwita majina ambayo nikiyasikia kwa mtu mwingine ningetoka mahali hapo.

Lililonifanya niandike lilitokea Ramadhani iliyopita. Mwezi huo mchana tunafunga kibanda, alasiri nauza kaimati na katlesi za kufuturia, na urojo unatoka baada ya tarawehe, na ndiyo saa ya pesa. Siku hiyo nilimwacha akoroge sufuria kubwa nikaenda kuchukua mishkaki. Niliporudi urojo umeshika chini, umenuka moshi, na watu wanaanza kutoka msikitini. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameshaisikia harufu, akaogopa kuniita, akawa anaongeza maji kimya kimya. Nikamwambia, mbele ya vijana wawili wa bodaboda waliokuwa kwenye benchi: "Mama yako alikufa kabla hajakufunza kazi, sasa mzigo nimeachiwa mimi."

Hakunijibu. Alimwaga ule urojo, akawasha moto upya, akapika mwingine huku machozi yanamtoka. Mimi nikageuka kwa wateja: "Karibu baba, karibu mwanangu, leo nikupe na bhajia?"

Asubuhi yake jirani yangu, mama mtu mzima wa Kiislamu, alinisalimia juu ya ukuta, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, jana ulifuturu nini?" Hakusema zaidi. Nimelichukua swali hilo mpaka leo.

Baada ya Idi nilimwambia binti Jumapili tuongozane kanisani, nikamwombee nafasi kwenye kwaya ya vijana. Akanitazama, akasema kwa adabu kabisa: "Mama, mimi naomba nisali kanisa jingine." Sasa kila Jumapili anapanda daladala peke yake kwenda mbali.

Mume wangu anasema nisijisumbue, sisi watu wa kwetu tunaongea kwa sauti, si ugomvi. Mimi mwenyewe naogopa nikilegea kibanda kitakufa, maana kazi ya chakula haitaki masihara. Kwaresima iliyopita niliweka nia ya kufunga nikiomba upole. Ilianza Jumatano ya Majivu, ikafika Jumanne. Nifanye nini?

Mama wa Urojo, Mpendae

*

Marahaba mwanangu.

Niruhusu nianze na yule mkubwa wa mtaa mwenye deni, ingawa wewe ulimtaja kwa kupita tu. Umemweka kwenye hesabu ya upole wako. Mtoe humo. Usipomdai mtu 38,000 kwa sababu ni mkubwa na unaogopa atakachokufanya au atakachokisema, jina lake ni woga, na woga una kazi yake lakini si tunda la Roho. Vivyo hivyo mteja anayerudisha bakuli: unamchekea kwa sababu kesho unamtaka arudi. Hilo ni jema, biashara ndivyo ilivyo, ila usilipeleke kwa Mungu kama sadaka, kwa kuwa umeshalipwa papo hapo.

Ukishawatoa wateja, ukawatoa wazee wa barazani ambao ulihitaji wakukubali, ukawatoa na wafiwa ambao kikundi kizima kinakutazama unapowafariji, amebaki nani? Amebaki mtu mmoja ambaye huna sababu yoyote ya kumfanyia upole isipokuwa upole wenyewe. Hana pa kwenda, hana mama wa kumshtakia, hawezi kukunyima pesa wala sifa. Kwa huyo ndipo tunapojua unao kiasi gani. Sijasema huna. Nasema hapo ndipo pa kupimia, na wewe mwenyewe umeshapima, ndiyo maana umeandika.

Kuhusu sauti, mume wako ana nusu ya haki. Watu wa bara wengi mnasema kwa nguvu, na sisi tuliozaliwa kisiwani tunadhani mnagombana kumbe mnaulizana bei ya nyanya. Sauti kubwa si dhambi. Nami nitakuambia siri ya kwetu: kuna wanawake hapa Unguja hawajawahi kupandisha sauti maisha yao yote, na ukali wao unakata kama wembe. Atavaa kanga yenye jina la kukuchoma, akupitie mlangoni mara mbili, akusalimie "hujambo bibi" kwa sauti ya maji ya mtungi, na usiku huo hulali. Huyo naye hana upole hata chembe. Kwa hiyo usijitese kujifunza kunong'ona. Lile neno ulilomwambia binti kuhusu mama yake, hata ungelisema kwa sauti ya kubembelezea mtoto, lingebaki vile vile.

Sisi tunaosema Kiswahili tumepewa msaada ambao sijui kama wenzetu wanao. Upole, pole, poa, poza: yasikilize hayo maneno manne yakifuatana, utasikia ni ya ukoo mmoja. Chai ikiwa ya moto tunaipoza ili inyweke. Mtu akiwa na shida tunamwambia pole, hata kama si sisi tuliomletea. Akina mama wenzako wanakutuma misibani kwa maneno ya kupoza. Sasa nikuulize: yule binti alifiwa na mama yake. Kati ya watu wote uliowapa pole tangu uhamie kisiwani, yeye ulimpa lini? Nami sizungumzii siku ya mazishi. Nazungumzia saa 7 ya usiku, amesimama na sufuria zilizoungua, mikono imeota magaga. "Pole na kazi, mwanangu." Maneno matatu na nusu. Tunawapa hata mafundi wasiotujua barabarani.

Umesema unasali Mkunazini. Basi nitakupeleka hapo hapo. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa Juni 1873, na mwaka huo huo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa unalosali. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, amefariki 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Na mbele ya madhabahu, unapopita kwenda kupokea, kuna duara la marumaru sakafuni. Wazee wanatuambia ndipo ulipokuwa mti wa kufungia watu na kuwachapa. Watalii wanapiga picha hapo kila siku. Sisi waumini tumepazoea, tunapita juu yake tukiwaza kuku aliyeachwa jikoni.

Simwiti binti yako mtumwa, na wewe sikuiti tajiri wa watumwa. Ukinisoma hivyo utakuwa umenionea. Ninachosema ni kwamba wale walioamua altari isimame pale walikuwa wanasema jambo kuhusu mwenye nguvu na asiye na nguvu, na jambo hilo halikuisha 1873. Paulo aliwaandikia Waefeso, watu ambao baadhi yao walikuwa na watumwa majumbani, akawaambia akina bwana wawatendee wema walio chini yao, "mkiacha kuwaogofya", kwa kuwa aliye Bwana wa wote wawili yuko mbinguni, "wala kwake hakuna upendeleo". Ni sura ya 6, mstari wa 9. Kuwaogofya. Yule binti aliisikia harufu ya kuungua akaogopa kukuita. Mstari huo umekaa katika barua yako mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapojibu hofu yako ya kibanda kufa.

Nilikuwa mkunga kwa miaka 31. Hospitali siitaji. Usiku mmoja tulikuwa wakunga wawili, wazazi wanne wodini, umeme unakuja na kuondoka, na msichana mmoja wa uzazi wa kwanza analia kupita kiasi. Nikamwambia lile neno ambalo wodi nyingi za uzazi zimelisikia, na ambalo nalionea aibu kuliandika: "Ulipokuwa unaitafuta hukulia." Akanyamaza. Mimi nikaona nimefaulu, wodi imetulia. Kumbe alinyamaza kweli kweli. Baada ya kujifungua alianza kutoka damu nyingi, akajiona, akaogopa kuniita. Aliyepiga kelele ni mama wa kitanda cha pili, mtu na tumbo lake. Tulimwahi, yeye na mtoto wakatoka salama, lakini nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya wodi mpaka jua likachomoza. Nilikuwa nimejitengenezea wodi ambayo mtu angekufa kwa heshima bila kunisumbua.

Ukali hukunyima habari, mwanangu. Mtu mnayefanya naye kazi akikuogopa, hakuambii gesi inavuja, hakuambii nyama imeanza kubadilika harufu, hakuambii amepokea noti ya bandia. Anaongeza maji kimya kimya. Usiku ule uliungua urojo wa kiasi gani, lita 15, 20? Angekuita ilipoanza kunuka, ungeondoa juu ukaokoa nusu. Unaogopa upole utaua kibanda, na sufuria nzima imemwagwa kwa sababu ya hofu.

Tena, hebu tuhesabu pamoja kama watu wa sokoni. Mnafunga saa 6 usiku, anaosha vyombo, tuseme analala saa 7. Anaamka saa 11. Ni usingizi wa saa nne tu. Ramadhani nzima, kila siku. Wewe na mimi tusingeweza kukoroga uji wa mtoto. Nimewahi kumwona nesi kijana, hodari, akiandika dawa kwenye jina la mgonjwa mwingine kwa sababu ya usingizi tu. Kwa hiyo kabla hujampigia Mungu magoti akupe upole, mpe binti usingizi. Watoto wako watatu wana baba; baba huyo anaweza kuwavisha sare mara tatu kwa wiki, haitamvunja mgongo mtu anayeshinda bandarini. Na masufuria ya usiku yarowekwe mpaka asubuhi. Hilo la kukata mshahara kwa ajili ya bakuli liache leo leo. Bakuli huvunjika kwenye kila kibanda, ni gharama kama mkaa. Na 60,000 kwa siku inayoanza saa 11 alfajiri ikaisha saa 7 usiku, kaa na mume wako muitazame tena. Mimi nimeshaitazama na sikuipenda.

Utaniuliza, mbona nauliza habari za kiroho unanijibu habari za masufuria? Kwa sababu Kwaresima yako iliishia Jumanne. Uliomba upole kama mtu anayeomba mvua, uje tu kutoka juu ufunike kila mahali. Hasira yako lakini ina saa yake na ina mahali pake. Nimeisoma barua yako mara mbili: haijakupanda kanisani, haijakupanda msibani, inakupanda jioni, jikoni, foleni ikiwa ndefu. Basi hapo ndipo pa kupeleka sala. Unga uuvuruge kwenye maji ya baridi mapema, embe na bizari viwe tayari, viazi vichemshwe alasiri. Ikiwezekana mtafute kijana mmoja wa kugawa mabakuli siku za pesa. Kila kitu utakachokiondoa kwenye saa ile mbaya ni kuni umeichomoa motoni.

Halafu kuna jambo dogo la ulimi ambalo mimi lilinisaidia sana wodini. Ukitaka kumrekebisha mtu, anza sentensi yako na kitu, usianze na "wewe". "Urojo unashika, punguza moto." "Kijiko kiko wapi?" "Viazi hivi vimekatwa vikubwa, havitaiva." Ukianza na "wewe", Kiswahili chetu kina matusi mengi yanayosubiri kwenye foleni kukamilisha sentensi hiyo, na jioni ukiwa umechoka hutachagua vizuri. Ukianza na sufuria, mazungumzo yanabaki kwenye sufuria.

Usidhani ninakuambia uwe mtu wa kusema ndiyo kwa kila kitu. Bwana wetu alijiita mpole na mnyenyekevu wa moyo, na huyo huyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakukaa kimya. Yohana 18:23: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Soma taratibu. Hakutukana, hakulia, hakurudisha kofi, alidai hoja. Huo ndio upole wenye mgongo. Binti akichelewa, mwambie amechelewa. Akikosea mara tatu kosa lile lile, kaeni chini asubuhi, wakati hakuna mteja, muulize tatizo liko wapi, na mwambie unataka nini. Wazee walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na hawakuwa wanamsifu simba kwa uzembe.

Na yule mkubwa mwenye deni, nenda kamdai. Kwa adabu, kwa jina lake, bila watu: "Mzee wangu, nimekuja kwa lile deni, nina ada ya watoto." Ukiweza kumwambia hivyo yeye, na ukaweza kusema na binti kwa sauti hiyo hiyo, utakuwa umefika mahali ambapo mimi nilifika nikiwa na zaidi ya miaka 50.

Sasa lililo gumu. Lazima umwombe radhi, na najua ulitaraji nitakuambia, lakini nataka tukubaliane namna. Usimnunulie kanga kwanza. Kanga ikitangulia, neno litakuwa kama bei. Usiseme "nisamehe kama nilikuumiza", ulimuumiza, hakuna "kama". Usiseme "nilikuwa nimechoka lakini". Yeye alikuwa amechoka zaidi. Mtafute mkiwa wawili, useme neno lenyewe ulilolisema, yaani ulimtaja mama yake, ulikosea, mama yake alimlea vizuri na wewe umekuwa ukila matunda ya malezi hayo kwa miaka miwili. Kisha nyamaza. Atakaponyamaza naye, usimharakishe akupe msamaha ili wewe ulale vizuri. Muulize vile vile kama angependa uwaambie wale vijana wa bodaboda. Akisema hapana, usiwaambie. Akisema ndiyo, waambie, kwenye benchi lile lile, hata kama utasikia uso unawaka.

Litakushinda siku ya kwanza. Mimi nilimtafuta yule mzazi wangu nikakuta amehama Ng'ambo, amerudi kwao Makunduchi, sikumpata. Wewe wako analala chumba cha pili.

Na siku utakayoteleza tena, maana utateleza, fanya haraka. Musa anaitwa mpole kuliko watu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi, imeandikwa Hesabu 12. Sura nane mbele yake, watu wanalia kiu, Mungu anawaambia yeye na ndugu yake waseme na mwamba tu, naye Musa anawaita watu waasi na kuupiga mwamba kwa fimbo mara mbili. Maji yalitoka. Kazi ilifanyika, wateja walikunywa, kama ungetaka kusema hivyo. Lakini Mungu hakulichukulia kuwa jambo dogo, na Musa hakuingia nchi ile. Mimi habari hiyo huniogofya na kunifariji kwa pamoja: mpole kuliko wote naye alikuwa na jioni yake mbaya.

Jirani yako mpelekee bakuli la urojo, mshukuru. Mwanamke aliyekuona umechafuka akakuuliza ulifuturu nini, badala ya kukutangaza barazani, amekufundisha somo zima kwa maneno machache, na hakuwa na haja ya kutoka kwenye dini yake kufanya hivyo. Mwambie ulifuturu hasira. Atacheka, mtakuwa marafiki.

Wafilipi 4:5 wewe unaujua kwa moyo, mmeuimba: "Upole wenu na ujulikane na watu wote. Bwana yu karibu." Uandike ukaubandike pale jikoni, karibu na jiko, si sebuleni wanapoingia wageni. Kwenye "watu wote", mhesabu na anayemenya viazi.

Ila hilo la kanisa usiliguse. Usimlazimishe Mkunazini, usimtume padri azungumze naye, usimwambie imani yake ndogo. Pengine atarudi, pengine hatarudi, na huko alikokwenda Mungu yupo. Niandikie baada ya mwezi uniambie mmefikia wapi. Na Jumapili hii, kabla hajatoka, mpe nauli ya daladala, ya kwenda na ya kurudi.

Shangazi